‘Moyo umebaki asilimia 32’: Namba tuliyoisoma vibaya nyumbani kwetu

Simu ya shemeji iliingia saa tatu usiku. Alizungumza polepole, kama mtu anayesoma barua ya serikali kwa mara ya kwanza.

“Shem, majibu ya dada yako yametoka. Wamesema moyo umebaki asilimia 32.”

Neno hilo, “umebaki”, ndilo lililotuvuruga. Haikupita saa moja habari ikawa imemfikia mama Korogwe, na ilipofika kwake ilikuwa imeshabadilika: theluthi mbili ya moyo wa binti yake imekufa. Baba mdogo akaanza kuulizia nauli. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo watu wakatuma pole na sala, kana kwamba turubai limeshafungwa uwanjani.

Dada alikuwa na miaka 33. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili wiki saba tu zilizopita.

Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa habari za afya katika familia, kila mtu alinipigia mimi. Jambo nililoona aibu kulisema usiku ule ni kwamba hata mimi niliisoma namba hiyo kama karatasi ya matokeo ya mtihani. Alama 32 kati ya 100, amefeli.

Tulikosea sote. Na kwa kuwa najua karatasi kama ile inaingia kwenye nyumba nyingine kila siku, naandika haya ili mzazi mwenzangu asilale na hofu isiyo yake, na pia asipuuze hofu iliyo ya kweli.

Dalili tulizozicheka

Kwanza nikiri tulivyochelewa.

Dada alianza kwa kuchoka. Nani mwenye kichanga asiyechoka? Kisha miguu ikavimba, mama akasema hata yeye ilimtokea kwenye uzazi wake. Ukafuata kikohozi cha usiku. Akanunua dawa ya kifua dukani, akamaliza chupa, kikohozi kikabaki palepale.

Siku moja shemeji akanieleza jambo kwa mzaha. Alisema mke wake amemnyang’anya mito yote ya kitandani, siku hizi analala kama abiria wa basi la mkoani. Tukacheka. Kumbe katika yote aliyowahi kuniambia, hilo ndilo lililokuwa muhimu zaidi.

Wiki ya saba aliamka usiku wa manane, akakimbilia dirishani kutafuta hewa. Hakuweza kumaliza sentensi moja bila kuhema. Hapo ndipo tulipompeleka hospitali, na hapo ndipo alipofanyiwa kipimo cha moyo kinachoitwa eko.

Aligundulika kuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo unaohusiana na uzazi. Ugonjwa huu humpata mwanamke ambaye hakuwa na tatizo la moyo lililojulikana, kwa kawaida kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Misuli inalegea, moyo unatanuka, nguvu ya kusukuma damu inapungua. Unajulikana sana kaskazini mwa Nigeria na Haiti, lakini huwapata wanawake wa kila nchi. Walio hatarini zaidi ni pamoja na waliopata shinikizo la juu la damu au kifafa cha mimba, na wenye ujauzito wa mapacha.

Ugumu wake ni kwamba dalili zake zinafanana na uzazi wenyewe. Kuchoka, kuvimba miguu, kukosa usingizi. Mama anaonekana mzazi tu, kumbe moyo unazidiwa.

Chumba kimoja kati ya vinne

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinaisukuma. Cha chini upande wa kulia kinapeleka damu kwenye mapafu, safari fupi. Cha chini upande wa kushoto, ambacho wataalamu hukiita ventrikali ya kushoto, kinapeleka damu kichwani, kwenye figo, hadi kwenye vidole vya miguu. Kwa sababu ya kazi hiyo, kuta zake ndizo nene kuliko zote.

Kila pigo moja chumba hicho hujaa, kisha hujikamua. Tuchukue mfano wa mtu mzima mwenye afya. Chumba kikijaa kina damu mililita 120. Kikijikamua kinatoa mililita 70, ujazo wa karibu kikombe kimoja cha wauza kahawa wa mitaani. Mililita 50 zinabaki ndani.

Sasa gawanya 70 kwa 120. Unapata asilimia 58. Hiyo ndiyo namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya majibu mbele ya herufi EF. Inaeleza ni sehemu gani ya damu iliyokuwa chumbani imetoka kwa pigo moja.

Kwa hiyo haisemi moyo umebaki kiasi gani, wala umekufa kiasi gani. Na hakuna binadamu mwenye asilimia 100, kwa sababu moyo hautoi damu yote. Kwa kipimo cha eko, wanawake wazima huwa kati ya asilimia 54 na 74, wanaume kati ya 52 na 72. Mtu aliyepewa karatasi yenye 60 akarudi nyumbani analia kwamba amepoteza karibu nusu ya moyo, analia na moyo mzima kabisa kifuani.

Kwa wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi vizuri, madaktari hutumia mipaka mingine. Asilimia 40 kushuka chini, nguvu ya kusukuma imepungua. Kati ya 41 na 49, imepungua kidogo. Kuanzia 50, inahesabiwa kwamba haijapungua.

Namba 32 ya dada yangu ilikuwa mbaya, sikatai. Lakini tuliyempelekea mama Korogwe ilikuwa habari nyingine kabisa.

Namba inapatikanaje

Eko ni ndugu wa ultrasaundi ambayo akina mama wanaifahamu tangu kliniki ya wajawazito. Mgonjwa analala kwa ubavu wa kushoto, anapakwa jeli kifuani, na mtaalamu anapitisha kifaa kidogo kati ya mbavu. Mawimbi ya sauti, ambayo sikio haliwezi kuyasikia, yanaenda hadi kwenye moyo na kurudi, mashine inayageuza kuwa picha inayotembea. Hakuna sindano, hakuna mionzi, na kwa eko hii ya juu ya kifua hakuna haja ya kufunga kula. Mama anayenyonyesha anatoka pale na kuendelea kunyonyesha.

Historia yake inavutia. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walichukua mashine iliyotumika kutafuta nyufa kwenye vyuma, wakaielekeza kwenye moyo wa binadamu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa eko.

Usiichanganye na kile kipimo cha kubandika nyaya kifuani na kutoa karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Hicho kinasoma umeme wa moyo. Ni muhimu, ila hakikwambii ni damu kiasi gani inatoka. Mtu anaweza kuambiwa “umeme wako uko sawa” na bado akahitaji eko.

Ili kupata EF, mtaalamu husimamisha picha mara mbili: pale chumba kilipojaa kabisa na pale kilipojikamua kabisa. Anachora kuta za ndani, mashine inakadiria ujazo, kisha inagawanya. Njia inayopendekezwa hutumia picha za pande mbili. Wataalamu wazoefu pia hukadiria kwa macho.

Umeona mkono wa mtu umo humo ndani. Picha isipokuwa safi, au mgonjwa akiwa anahema sana, mchoro unaweza kuyumba. Moyo uleule unaweza kusomwa 50 asubuhi na mtaalamu mmoja, na 54 jioni na mwingine, bila chochote kubadilika. Namba ikipanda au kushuka kwa pointi tatu au nne, usichinje mbuzi na usilie. Ikiwezekana, kipimo cha kurudia kifanyike mahali pamoja, na karatasi za zamani uende nazo kila mara.

Mama na bibi, mililita 48

Siku ya tatu wodini, daktari alinichorea mfano kwenye karatasi. Tangu siku hiyo nimeuchora mara nyingi kwa watu wengine.

Chukua moyo uliotanuka, kama wa dada. Ukijaa una mililita 150. Unatoa 48. Gawanya: asilimia 32.

Sasa chukua moyo wa bibi aliyeishi miaka mingi na shinikizo la juu la damu. Kuta zimekuwa nene na ngumu, chumba kimebaki kidogo, hakitanuki kupokea damu. Kikijaa kina mililita 80 tu. Kinatoa 48. Gawanya: asilimia 60.

Mama na bibi wanatoa kiasi kilekile, mililita 48 kwa kila pigo. Mmoja karatasi yake inatisha, mwingine karatasi yake inapendeza. Na wote wawili wanaweza kuwa wanahema wakipanda ngazi tatu.

Ndiyo maana bibi akiambiwa EF yake ni 60 na bado miguu imevimba na pumzi inamkatika, msimwambie anajidekeza. Moyo unaweza kushindwa kazi kwa kutokujaa, sio kwa kutokusukuma tu. Daktari ataangalia mambo mengine kwenye eko hiyohiyo: unene wa kuta, namna chumba kinavyolegea, hali ya milango ya moyo. Wakati mwingine kipimo cha damu huongezwa.

Mfano ule ulinieleza pia kwa nini moyo wa dada ulikuwa unakimbia. Moyo wenye afya ukitoa mililita 70 mara 70 kwa dakika, unapata lita 4.9. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika nne hivi. Moyo unaotoa 48 ukitaka kufikisha kiasi hicho, lazima upige kama mara 100. Mwili unafidia kwa mbio, na mbio hizo zinachosha.

Na mito je? Damu inayoingia chumba cha kushoto inatoka kwenye mapafu. Chumba kisipojikamua vizuri, foleni inarudi nyuma, maji yanavujia kwenye mapafu. Mtu akilala chali, maji yaliyokuwa miguuni yanarudi kifuani na hali inazidi. Akiinuka, anapata nafuu. Kwa hiyo anaongeza mto wa pili, kisha wa tatu.

Mzazi akiona karatasi ya mtoto

Kwa watoto kuna mtego mwingine. Karatasi nyingi huwa na herufi FS. Hii hupima jinsi upana wa chumba unavyopungua kinapojikamua, sio ujazo, hivyo namba zake ni ndogo kiasili. Kati ya asilimia 28 na 45 hivi ni kawaida. Mzazi anayeona FS 35 na kuilinganisha na EF 60 ya jirani atakosa usingizi bila sababu.

Mtego wa pili ni milango ya moyo. Mtoto anaweza kupata maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria, yasipotibiwa vizuri yakaleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikaharibu milango ya moyo. Mlango wa upande wa kushoto ukivuja, sehemu ya damu inarudi nyuma badala ya kwenda mwilini. Hesabu ya EF haitofautishi damu iliyokwenda mbele na iliyorudi nyuma, zote zimetoka chumbani. Namba inaweza kuonekana nzuri wakati mlango unavuja vibaya. Kwa hiyo mzazi soma karatasi yote hadi maelezo ya mwisho, au bora zaidi, muombe daktari akusomee.

Kutoka 32 hadi 52

Dada alianzishiwa dawa za kupunguza maji mwilini na dawa za kupunguzia moyo mzigo. Wiki ya kwanza alikojoa mno, miguu ikarudi, mito ikapungua hadi mmoja. Baada ya miezi mitatu eko ilisoma 41. Baada ya miezi sita, 52.

Si kila mama hufika huko. Wengi wenye ugonjwa huu hupata nafuu kubwa ndani ya miezi sita, wengine huchukua muda mrefu zaidi, wengine moyo haurudi kabisa, na wapo wanaofariki. Waliogunduliwa namba ikiwa chini ya 30 na moyo umetanuka sana huwa na safari ngumu zaidi. Kila wiki inayopotea nyumbani kwa dawa ya kikohozi ina gharama yake.

Siku ya 52 ukoo uleule uliotuma pole ulituma vigelegele. Na hapo ndipo tulipokaribia kufanya kosa la pili.

Dada aliacha dawa. Alisema ameshapona, karatasi si hii hapa? Tuliligundua baada ya siku tisa, shemeji alipoona vidonge havipungui kwenye kopo. Daktari hakumgombeza, ila alimweleza jambo nililoliandika pembeni ya daftari: ile 52 imepatikana dawa zikiwa zinafanya kazi. Ukiziondoa ghafla, hujui itakayobaki. Kuziacha au kuzipunguza kunafanyika kwa mpango wa daktari, taratibu, na kwa kupima tena.

Jambo lingine ni gumu zaidi kulizungumza mezani. Dada ana watoto wawili wa kike. Mama mkwe wake, mtu mwema aliyembebea mtoto miezi yote ya ugonjwa, ameanza kuuliza lini atapata mjukuu wa kiume. Ujauzito mwingine baada ya ugonjwa huu unaweza kuurudisha, hata kwa aliyefika 50 na zaidi. Kwa ambaye moyo haujarudi, hatari ni kubwa zaidi, ikiwemo kifo. Isitoshe, baadhi ya dawa za moyo humdhuru mtoto aliye tumboni, na si kila njia ya uzazi wa mpango inamfaa mwenye tatizo la moyo. Mazungumzo haya yanatakiwa kufanyika mbele ya daktari wa moyo na wa uzazi kabla ya mimba, na mume awepo.

Shemeji alikwenda. Aliporudi, yeye ndiye aliyekaa na mama yake sebuleni wakafunga mlango. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba swali la mjukuu halijaulizwa tena, na mama mkwe sasa ndiye anayemkumbusha dada vidonge vya saa mbili usiku.

Ukipewa karatasi

Hapa Tanzania eko hufanyika kwenye hospitali kubwa kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na Benjamin Mkapa ya Dodoma, pamoja na hospitali nyingine za umma na binafsi. Popote utakapopima, usiondoke na namba peke yake. Muulize daktari: Namba hii kwa moyo wangu ina maana gani? Nini kimeisababisha: shinikizo la damu, mlango wa moyo, kisukari, pombe, dawa za saratani, uzazi? Tunarudia kupima lini? Karatasi ipige picha uitunze kwenye simu.

Na kabla ya kuituma kwenye kundi la ukoo, hakikisha umeielewa. Sisi tulimnyima mama usingizi siku nne kwa neno “umebaki”.

Kama nyumbani kwako kuna mjamzito wa miezi ya mwisho, au mama aliyejifungua ndani ya miezi mitano, jioni ya leo muulize swali moja, wala usilifanye kama la hospitali. Muulize usiku analalia mito mingapi, na kama idadi hiyo imeongezeka. Akisema analala ameketi, anaamka kutafuta hewa, au anahema kwa kutembea tu kutoka chumbani hadi jikoni, msisubiri chupa ya dawa ya kikohozi iishe. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mkifika semeni kwamba amejifungua karibuni.

Mtoto wa dada ana mwaka na miezi miwili sasa, anatembea kwa kushika kuta. Jumapili iliyopita nilimkuta mama yake anamkimbiza uani. Alipofika mlangoni alisimama, akashika kiuno, akavuta pumzi mara mbili.

“Usiniangalie hivyo, mdogo wangu,” akaniambia. “Huku kuchoka ni kwa kukimbiza mtoto. Ile nyingine naijua.”